Kikombe cha Nahodha Turudi

Pale mwaloni Ujiji, boti za dagaa zinapotia nanga, ukiuliza nyumba ya nahodha Hamdani Rajabu, watu walikuwa wanakukodolea macho tu. Uliza kwa Turudi, hapo utapelekwa mpaka mlangoni, tena na mtu anayecheka njia nzima. Miaka thelathini mwanamume yule aliendesha boti ya dagaa, na katika miaka hiyo thelathini neno lililomtoka mdomoni kuliko yote ni hilo moja: turudi.

Alikuwa na kipimo chake. Kila wanapotoka, kabla mashine haijawashwa, Hamdani anamimina chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, kimoja chenye ua jekundu lililobanduka nusu, anakijaza mpaka ukingoni, anakitua juu ya ubao wa mbele. Wakiipita ncha ya Bangwe na chai ingali imo, wanaendelea na kazi. Ikimwagika hata tone, nahodha anageuza boti. Hana mjadala. Manahodha wengine wanampita wakiimba na taa zao zinawaka, yeye anarudi nyumbani na wavu mkavu. Mvuvi wake akinung'unika, anamwonyesha kikombe.

"Si mimi," anasema. "Ni kikombe."

Hidaya, mkewe, alijua kuwa ni yeye. Mwanamke huyo aliyelala na Hamdani kitanda kimoja miaka yote hiyo alijua kwamba kila siku ya kazi mumewe anakwenda chooni mara tatu kabla ya kuvaa koti, na mara ya tatu anatoka amelowa jasho. "Mama Abdu," anamnong'oneza, "leo tumbo." Na Hidaya, Mungu amsamehe, alikuwa anamcheka. Alimwambia mtu mwenye tumbo la namna hiyo angefungua kibanda cha kinyozi pale Mwanga, akaogope mikasi. Hamdani naye anacheka, anachukua kikombe chake, anakwenda.

Sasa kuna hesabu moja ambayo mwalo ule, kwa ushabiki wake wote wa kuhesabu samaki, haukuwahi kuifanya. Ziwa Tanganyika likichafuka linakula watu, na kila nahodha shujaa wa pale Ujiji alikuwa na wavuvi wake makaburini, au hata makaburini hawamo. Kwenye boti ya Turudi hakufa mtu. Miaka thelathini, na hakuna mke wa mvuvi wake hata mmoja aliyekaa eda. Hilo nani alisemee? Mtu aliyekufa ana kaburi la kuonyesha. Aliyerudi nyumbani akala ugali akalala, huyo unamwonyesha vipi?

Aliyeumia zaidi kwa jina lile ni mtoto wao, Abdulatif. Tangu darasa la kwanza alikuwa akipigana. Mtoto wa Turudi, mtoto wa Turudi. Akitoka kucheza mapema, turudi. Akikosa penalti, turudi. Alipofika miaka ishirini na tatu alikuwa na kovu juu ya jicho na hasira ambayo hajui aitue wapi, na alikataa katakata kuingia boti ya baba yake. Alibeba mizigo bandarini Kigoma, ambako hakuna aliyejua anaitwa mtoto wa nani.

Basi mwaka ule ziwa likafungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, kama serikali ilivyoamua, na mwalo ukabaki na boti zimepanda mchangani na wanaume wanacheza bao tangu asubuhi. Na ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, vita ikawa imesogea mpaka ufukweni. Nani anampiga nani, usiniulize. Pale mwaloni kila mtu alikuwa na maelezo yake, na hakuna mawili yaliyofanana. Kitu kimoja tu kilijulikana bila ubishi, kwamba Mwenyekiti Gasper alikuwa na marobota ya vitenge yaliyokwama kule.

Gasper alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwalo, mtu wa tumbo la mbele na sauti ya kanisani, mwenye duka la vitenge soko la Mwanga. Hakusema neno juu ya vitenge. Aliitisha mkutano, akasimama juu ya kreti la soda, akatangaza kwamba kuna ndugu zetu Watanzania wamekwama ng'ambo, wanalia, wanatazama upande huu, na mwalo wa Ujiji hauwezi kukunja mikono. Akaipa safari jina, Operesheni Undugu. Watu wakapiga makofi. Alipouliza nani anajitolea, makofi yakakata kama umeme. Manahodha mashujaa wote, wale wanaopita wakiimba, wakakumbuka kwamba mashine zao zimefunguliwa kwa matengenezo.

Mashine iliyokuwa nzima ilikuwa ya Turudi. Mtu mwoga hutunza mashine.

"Hamdani," Gasper akasema, na sauti ikashuka ya huruma. "Ndugu yangu. Mwalo umekuvumilia miaka thelathini. Hata leo? Hata kwa damu yako mwenyewe?"

Hamdani akasema atafikiria. Wakacheka. Akasema kule kuna risasi. Wakacheka zaidi. Mwalimu Dismasi, mwalimu mstaafu ambaye ndiye katibu wa kamati na mtu wa kuandika kila kitu, akaandika kwenye daftari lake: nahodha anafikiria. Ndipo Gasper akapata wazo, na wazo hilo ndilo lililomuua Hamdani, ingawa halikuandikwa popote.

"Kwa nini tubishane?" akasema. "Si una kipimo chako? Weka kikombe. Kikimwagika, hatukusumbui tena maisha."

Hidaya alikuwapo siku hiyo, amesimama kwa nyuma pamoja na wanawake wa kuanika dagaa. Aliuona uso wa mumewe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshikwa na shati lake mwenyewe. Miaka yote alisema si mimi, ni kikombe. Angewezaje sasa kusema ni mimi? Hakuwahi kujifunza kulisema. Wakaisukuma boti majini, wakajaza chai, wakaitua juu ya ubao. Ilikuwa wakati wa kusi, upepo unaosumbua ziwa wiki kwa wiki, lakini asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala, limenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Wakaenda mpaka Bangwe wakarudi. Chai haikutikisika.

"Haya," Hamdani akasema. Hakusema zaidi. Akaomba ruhusa aende nyumbani mara moja, na Hidaya peke yake ndiye aliyejua anakwenda wapi na mara ngapi.

Walimrudisha siku iliyofuata, saa nne asubuhi, amefunikwa vitenge vya maua ya zambarau vilivyotolewa kwenye robota.

Kisa chenyewe Hidaya alikipata kwa Elikana, Muha wa Mwandiga, fundi mashine wa ile boti tangu akiwa kijana. Alikuja jioni ya maziko, akakaa kizingitini, akasema "Mwakeye, mama," salamu ya asubuhi ya Kiha, ingawa jua lilikuwa linazama, maana akili yake ilikuwa bado haijafika nchi kavu. Akasema ndugu waliokwama hawakuwaona. Waliona marobota kumi na manane, yamepangwa vizuri, yameandikwa Gasper kwa rangi nyeusi. Walikuwa wamepakia tisa ndipo risasi zikaanza. Kutoka upande gani, hajui. Hamdani akawaamuru wote wanne walale sakafuni, akawaburutia marobota juu yao, akashika mkono wa mashine, akaondoka.

"Alikuwa analia, mama," Elikana akasema. "Nisikufiche. Analia, makamasi yanamtoka, anatetemeka mpaka boti inatetemeka. Lakini mkono hakuuachia. Mtu mmoja lazima akae kuendesha, si ndiyo? Akakaa yeye. Na alikuwa anasema kitu kimoja tu, anakirudia."

"Anasema nini?"

"Kikombe hakikumwagika. Kikombe hakikumwagika. Tulipofika mbali nikasikia amenyamaza. Nikatoa kichwa. Boti inakwenda sawasawa, na yeye amekaa vilevile."

Elikana alikitoa kikombe kwenye mfuko wa koti, akakitua mbele yake, akalia. Hidaya hakulia. Alikitazama kile kikombe akajiona yeye mwenyewe na maneno yake ya kinyozi, akashikwa na uchungu ambao hauna hata njia ya kutokea. Akaingia eda na uchungu huo ndani, miezi minne na siku kumi, mjane haruhusiwi kutoka, anakaa na vazi jeupe na Bi Asia, jirani mtu mzima aliyekuja kumkalia. Alikuwa wa kwanza kukaa eda kutoka boti ya Turudi.

Kule nje, jamani, kazi ikaanza.

Kwanza Elikana akaitwa redioni. Siku ya kwanza alisema kulikuwa na risasi. Wiki ya pili, kulikuwa na boti ya kivita. Alipoalikwa mara ya tatu zikawa boti mbili na helikopta, na Hamdani alisimama wima akiwatolea ukali kwa Kifaransa. Hamdani, ambaye Kifaransa chake kilikuwa bonjuu ya kununulia mawese. Ukimlaumu Elikana utamwonea. Kila akisimulia ukweli watu walikuwa wanamwangalia kama mtu aliyewapunja, akiongeza kidogo wanamnunulia soda.

Halafu kamati ikaamua pajengwe mnara. Feliksi, fundi wa saruji wa Mwanga anayetengeneza makaburi na simba wa kukaa mageti ya gesti, akapewa kazi. Yeye alikuwa na kalibu ya mchezaji mpira, iliyobaki baada ya baa moja iliyomwagiza kufungwa, akaanzia chini, miguu na viatu vya njumu. Ikafika habari kwa sheikh. Sheikh akasema sanamu ya mtu Mwislamu hapa Ujiji haitasimama. Kamati ikakaa siku mbili. Wakamwuliza sheikh kama miguu ni mtu. Sheikh akafikiri, akasema mtu ni uso. Basi ikapita miguu. Na ndivyo Hamdani Rajabu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupiga hata danadana, alivyopata mnara wa viatu vya mpira, na chini yake maandishi: SIMBA WA ZIWA, HAKUJUA KURUDI.

Mwalimu Dismasi ndiye aliyepewa kuandika wasifu wa marehemu, usomwe siku ya arobaini mwaloni. Akaja na daftari, akakaa upande wa pili wa pazia kwa adabu ya eda.

"Bi Hidaya, pole sana. Nina maswali machache. Marehemu alipenda nini?"

"Kurudi nyumbani."

Kalamu ikakwaruza. "Alipenda... nyumba yake na taifa lake," Mwalimu akasoma. "Vizuri. Na alichukia nini?"

"Upepo."

"Alichukia vikwazo. Je, aliwahi kukuambia anaogopa?"

"Kila siku," Hidaya akasema. "Mwalimu, andika hilo. Andika kwamba aliogopa kila siku, na kwamba hakuna mvuvi wake aliyekufa. Nenda kawahesabu, wote wako hai, wengine wana wajukuu. Andika hivyo, si lazima uandike jingine."

Mwalimu Dismasi hakuwa mtu mbaya. Aliandika neno, akalikata. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba wasifu una mpangilio wake, na kwamba mheshimiwa mgeni rasmi atakuwapo.

Hidaya angeyaacha yote hayo. Waseme simba, waseme tembo, Hamdani ameshazikwa na Mungu anamjua. Kilichomnyima usingizi ni Abdulatif.

Kijana alikuwa amerudi nyumbani. Alikuwa amerudi kichwa juu, anapita katikati ya mwalo polepole ili wamwone, na wale wale waliomwita mtoto wa Turudi sasa wanamwachia kiti. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa mtoto wa mtu. Akajifunza mashine kwa Elikana, akaanza kuvaa koti la baba yake. Na Gasper, ambaye marobota yake tisa yalikuwa bado ng'ambo, akamkalia karibu, akamnunulia chakula, akamwita nahodha. Jioni moja Abdulatif akaja akakaa ndani ya pazia, kando ya mama yake, anapumua kwa haraka.

"Mama, siku ya arobaini tunatoka. Operesheni Undugu ya pili. Mimi ndiye nahodha."

Hidaya akasikia tumbo linamkata, na papo hapo akalijua lile tumbo. Lilikuwa la Hamdani.

"Unafuata nini kule?"

"Ndugu zetu waliokwama."

"Abdu. Hakuna ndugu. Kuna vitenge. Baba yako alikufa kwa sababu ya vitenge, na alikufa akilia, muulize Elikana. Alikuwa mwoga, mwanangu. Mwoga kuliko wote. Ndiyo maana ulikuwa na baba mpaka ukaota ndevu. Wenzako wangapi darasani kwako walikuwa na baba?"

Alidhani atamsikia. Sauti ya kijana ikaja imebadilika, imekuwa ngumu.

"Miaka yote watu wamemkanyaga baba," akasema. "Leo wamemheshimu, na wewe, mkewe, ndiye unayemvunjia heshima. Sikutegemea, mama."

Akaondoka. Hidaya akamwita Elikana, akamwomba aseme ukweli kwa mtoto, na Elikana akakaa kizingitini anakunakuna goti, akasema mama, nimeshasema redioni. Sasa nikageuze vipi? Akasema hata yeye amepangwa safari hiyo na hana la kufanya, watu watamwona mwoga. Hapo Hidaya akataka kumpiga na kiatu. Watu wazima na ndevu zao, kila mmoja anajua kule kuna kifo, na kila mmoja anakwenda kwa sababu anaogopa kusema anaogopa.

"Bi Asia," akasema Elikana alipoondoka, "mwenye eda anaruhusiwa kutoka kwa jambo gani?"

Bi Asia alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kwa dharura. Mchana. Nyumba ikiungua, kwa mfano."

"Na mtoto akiungua?"

Bi Asia akaendelea kuchambua mchele kidogo. "Ukitoka," akasema, "toka na vazi lako lote. Wasipate la kusema."

Siku ya arobaini mwalo ulijaa mpaka kwenye mitumbwi. Maturubai, vipaza sauti, wanafunzi wa shule wameletwa na bendera za karatasi, mgeni rasmi amechelewa saa tatu na amekuja na haraka. Kisomo kilisomwa kwa adabu, hilo tuwape. Kisha wakavuta shuka kwenye mnara, na watu wakaona miguu ya saruji na viatu vyake, na ikachukua dakika nzima kabla mtu hajagundua kwamba Feliksi ameisimika vibaya. Ncha za viatu zilikuwa zinatazama mjini. Shujaa asiyejua kurudi ameliacha ziwa mgongoni anakwenda zake nyumbani. Gasper akamkata Feliksi jicho. Feliksi akanong'ona kwamba saruji imeshakauka, Mwenyekiti.

Wasifu ukasomwa. Watu wakalia kwa mambo ambayo hayakutokea. Halafu Gasper akachukua kipaza sauti, akasema mjane yuko katika eda na hawezi kuwa nasi, mimi namwakilisha, na kwa niaba yake namkabidhi kijana huyu kikombe cha baba yake. Maana kikombe nacho kilikuwa kimepandishwa cheo. Kilichukuliwa kwa Abdulatif wiki iliyotangulia kwenda kung'arishwa, sasa kiko juu ya mto wa hariri, na Gasper anakiita kikombe cha ushujaa. Hiki ndicho, akasema, ambacho Simba wa Ziwa alikijaza kabla ya kila pambano, na kikitulia, hakuna wa kumzuia.

Abdulatif akapokea. Boti ilikuwa imeshasukumwa, inaelea kwenye maji ya magoti, Elikana na wenzake watatu wamo ndani na nyuso za watu wanaopelekwa kung'olewa meno. Kijana akapanda. Akamimina chai mpaka ukingoni kama alivyosikia inafanywa, akaitua juu ya ubao wa mbele. Watu wote wakanyoosha shingo. Na ziwa, sijui kwa kisirani gani, lilikuwa limelala tena. Chai ikatulia. Gasper akatabasamu na meno yote.

Ndipo kelele zikaanza kwa nyuma, kisha zikageuka kimya, na kimya kikaja kinasogea mbele.

Hidaya alikuwa anashuka mwaloni na vazi jeupe la eda kutoka utosini mpaka vidoleni, na Bi Asia nyuma yake anashika ncha isiburuzike. Sasa fikiri mwenyewe. Nani amzuie? Mwanamume gani atamshika mwanamke wa eda? Hata kumtazama wanaona haya. Sheikh akainamisha macho. Mgambo wawili waliowekwa kumlinda mgeni rasmi wakageuza nyuso ukutani, na pale hapakuwa na ukuta, wakatazama turubai. Umati ukapasuka wenyewe, na Hidaya akapita katikati ya watu elfu moja bila kuguswa na mtu, akapita mnara wa viatu, akaingia majini. Vazi likalowa mpaka magotini, likawa zito. Akafika kwenye boti.

"Mama," Abdulatif akasema kwa sauti ya chini, "unanifanya nini mbele za watu?"

Hidaya hakumjibu. Alinyoosha kidole kimoja, akakigusa kikombe ubavuni, akakisukuma. Kikaanguka. Chai ikaenea juu ya ubao, ikachuruzika majini.

"Kimemwagika," akasema.

Gasper alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akasema hiyo si halali, akasema kikombe lazima kimwagwe na upepo. Akamgeukia katibu wake. Mwalimu Dismasi akafungua daftari, akalipekua mbele, akalipekua nyuma, akavaa miwani, akavua miwani.

"Mwenyekiti," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo mwalo wote ukasikia, "katika taratibu za boti ile imeandikwa kikimwagika wanarudi. Haikuandikwa nani akimwage."

Elikana akasimama. Miaka mingi ya mwili wake kuzoea neno moja ilimwinua kabla akili haijaamua. Akachukua dumu la mafuta, akashuka majini, akaenda zake ufukweni bila kutazama nyuma. Wa pili akashuka. Wa tatu na wa nne wakashuka pamoja, wanasukumana. Akabaki Abdulatif peke yake ndani ya koti la baba yake, na mama yake majini amesimama, na macho ya watu elfu moja.

Hidaya alimwona akilitazama lile doa la chai kwenye mbao. Aliona mikono yake inatetemeka, na akaona kwamba ilikuwa inatetemeka tangu mwanzo, kabla hajafika, na hakuna aliyeitazama. Hakumsihi. Angeweza kumsihi, maneno yalikuwa yamejaa kinywani, lakini alijua neno hilo akilisema yeye halitafaa kitu. Lazima litoke kwa nahodha.

"Naogopa," Abdulatif akasema. Alisema kwa mama yake tu, taratibu. Kisha akainua kichwa, akasema kwa sauti ambayo hata wanafunzi wa nyuma waliisikia. "Turudi."

Walikuwa hawajatoka. Boti haikuwa imesogea hata shubiri. Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka kwenye maturubai, lakini mwanamke mmoja wa kuanika dagaa, mke wa yule mvuvi wa tatu, alikuwa amekaa mchangani amejifunika uso kwa khanga anashukuru kwa sauti, na kicheko kikakosa pa kuendelea.

Mgeni rasmi, mtu wa haraka, akauliza basi nani anakwenda kuwachukua ndugu zetu. Manahodha wakatazamana. Mtu akasema Mwenyekiti mwenyewe ana afya nzuri. Ikaungwa mkono. Ndipo Gasper akakumbuka ana kikao Katubuka, cha muhimu, tena ameshachelewa. Hajaulizwa tena habari za undugu, na marobota tisa, kwa ninavyojua, yako ng'ambo mpaka leo.

Hidaya akarudi ndani kumalizia eda yake. Alasiri alikaa dirishani, vazi lililolowa limeanikwa uani, akasikia hatua za mwanawe zinapanda kutoka mwaloni. Vijana waliokuwa wakicheza bao kwenye kona wakamwona.

"Turudi Mdogo!" mmoja akapaza sauti.

Hidaya akashika nondo za dirisha. Alijua kinachofuata, miaka kumi na saba alikuwa akimwosha damu. Akasikia hatua zimesimama.

"Naam," Abdulatif akaitikia, akaendelea kuja nyumbani.

Hapo ndipo Hidaya alipomlilia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu wamlete, akalia mpaka Bi Asia akaacha mchele wake akaja kumshika.